Maji Mawili Katika Nyumba Moja

Mwezi wa Septemba mwaka jana tulitumwa kupeleka posa Maji ya Chai, mji mdogo wa wilaya ya Arumeru ulio kando ya barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha. Tulikuwa watu saba: mzee aliyepewa uongozi wa msafara, mama wa kijana, shangazi zake wawili, mjomba mmoja, mshenga na dereva. Kijana mwenyewe, kama ilivyo ada yetu watu wa Tanga, alibaki nyumbani na simu yake mkononi. Binti alikuwa amesoma na dada wa kijana katika chuo cha ualimu, na sifa zake zilikuwa zimetutangulia: dini, adabu na elimu. Picha tuliyoonyeshwa ilikuwa moja tu, na katika picha ile midomo yake ilikuwa imefumbwa.

Tuliondoka baada ya Swala ya Alfajiri. Tukapita Segera na Korogwe, tukaiacha Milima ya Usambara mkono wa kulia, na mchana tukasimama Same tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama alivyoruhusiwa msafiri. Nchi ilikuwa kavu. Vuli ilikuwa bado, na mbuyu na mkonge vilisimama katika vumbi moja. Kilimanjaro tuliinyoshea vidole bila kuiona, kwani ilikuwa imejifunika wingu tangu mguuni. Ila tulipopita Boma Ng'ombe, Mlima Meru ulitokea waziwazi mbele yetu, zaidi ya mita 4,500 juu ya bahari, upande wake wa mashariki ukiwa umebomoka kama kikombe kilichomeguka mdomo. Hatukujua wakati ule kwamba tulikuwa tunautazama mlima ambao ungekuwa mazungumzo yetu kwa siku mbili.

Baada ya Kikatiti tulivuka daraja la mto ulioupa mji jina lake. Maji yake yana weusi wa kahawia, kama chai ya rangi iliyosahauliwa birikani. Shangazi mkubwa, ambaye ulimi wake hauchoki safarini, akasema kwamba watu wa huku bila shaka hununua sukari tu, majani wanapewa na Mungu. Tukacheka sote.

Tulifika kwa wenyeji wetu Magharibi ikikaribia. Mzee wa nyumba ni Mpare wa Usangi, aliyehamia hapa na mkewe mwaka 1994 kwa biashara ya nafaka. Tulipokewa kwa heshima kubwa, tukaonyeshwa bomba la uani tutawadhe. Maji ya bomba lile hayakuwa na rangi ya mto hata kidogo. Yalikuwa meupe, baridi, mazuri, yatokayo chemchemi ya mlimani. Shangazi alipomaliza kusukutua akakinga kiganja anywe. Hapo binti, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia mikono, akaja mbio.

"Shangazi, samahani sana. Hayo ni ya kutawadha tu. Ya kunywa yapo ndani."

Na kweli, ndani ya nyumba ile yalikuwapo maji mawili. Yalikuwapo ya bomba, katika mapipa ya uani, ya kuogea, kufulia na kutawadhia. Na yalikuwapo mengine, katika madumu matatu yaliyofunikwa vizuri pembeni mwa jiko, ambayo hakuna mkono uliochota pasi na sababu. Mjukuu wa nyumba, kijana wa miaka miwili aliyeachishwa ziwa mwezi ule ule, alikuwa na kikombe chake cha kijani, na kikombe kile hakikuwahi kupelekwa bombani.

Jambo hili lilitushangaza, lakini lilitushangaza zaidi jingine. Binti alikuwa mcheshi, ila kila alipocheka alileta ncha ya mtandio mdomoni. Mara moja tu mkono ulichelewa. Tukayaona meno yake: yalikuwa na michirizi ya kahawia iliyokolea, mbele hasa, mengine na vidoto kama vilivyochimbwa na sindano.

Usiku ule, katika chumba walicholala wanawake, palisemwa maneno ambayo wasemaji wenyewe wameturuhusu kuyaandika. Shangazi mdogo alisema ni uchafu. Shangazi mkubwa alisema uchafu hauwi hivyo, hiyo ni mirungi, na kwamba mji ulio kando ya barabara kuu haukosi mambo. Mama wa kijana hakusema neno. Asubuhi habari zikafika kwa mzee wetu, naye akauliza swali moja: je, kuna aliyemwona binti huyu akitafuna? Hakuna. Basi, akasema, tumekula nyama ya mwenzetu kabla ya kufungua kinywa, na tukamwombe Mwenyezi Mungu msamaha.

Tulidhani wenyeji hawajui. Walijua. Walijua kwa sababu hatukuwa msafara wa kwanza. Miaka miwili nyuma ulikuja msafara mwingine, ukanywa chai, ukasifu chapati, ukaahidi kupiga simu. Kwa hiyo baada ya kifungua kinywa, kabla mshenga hajasafisha koo lake, mzee wa nyumba aliita watoto wake wote barazani.

"Ndugu zangu," akasema, "kabla hatujazungumza lolote la heri, naomba muyatazame meno yetu."

Akacheka yeye kwanza. Meno yake yalikuwa meupe, na ana miaka inayopita sitini. Mkewe naye meupe. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa Usangi na kuhamia hapa akiwa na miaka tisa, meupe vilevile. Kisha watatu waliozaliwa Maji ya Chai. Mvulana mmoja meno yake ni kahawia tupu. Binti wetu, kama tulivyoeleza. Na wa mwisho, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa na mistari myeupe kama ya chaki na vidoa vichache. Nyumba moja, chungu kimoja, mswaki wa aina moja. Kilichowatenganisha ni mahali kila mmoja alipokuwa katika miaka yake minane ya mwanzo.

Tuliosoma kidogo tulikuwa tumesikia habari za madini ya floraidi, lakini kusikia si kuona familia imepangwa mbele yako kama kurasa za kitabu. Madini haya kwa kiasi kidogo huimarisha meno, ndiyo maana huwekwa katika dawa ya mswaki. Kwa kiasi kikubwa hufanya kinyume. Jino la ukubwani huumbwa ndani ya ufizi tangu utotoni, muda mrefu kabla halijaota, na floraidi ikizidi katika damu ya mtoto huvuruga ujenzi wa gamba lake gumu la nje. Jino likija kuota huwa tayari limekwisha kuharibika. Hakuna mswaki utakaoiondoa rangi ile, kwa sababu si rangi iliyopakwa juu. Na mtu aliyehamia akiwa mkubwa, jino lake likiwa limekamilika, anaweza kunywa maji yale yale miaka thelathini na meno yasibadilike. Ndiyo sababu wengi huamini ni ugonjwa wa ukoo, au ni rangi ya mto ule wa chai. Mto hauna hatia ya rangi hiyo. Floraidi haina rangi.

Mifupa, kwa upande wake, haina umri wa kusalimika. Huendelea kukusanya madini haya maisha yote, na pale yalipo mengi mno, kwa miaka mingi, viungo hukakamaa, shingo hugoma kugeuka, mgongo huinama. Watoto huweza kupata matege. Tulipotembea jirani tulimwona mtoto mmoja ambaye magoti yake yaliachana kiasi cha kupitisha mpira, naye alikuwa akiucheza mpira huo kwa furaha. Hatusemi kwamba ni maji, maana matege yana sababu nyingine pia, ikiwemo upungufu wa vitamini D, na kazi ya kupambanua ni ya daktari. Lakini mama yake alituambia kwamba hajawahi kupewa ushauri wowote kuhusu maji.

Kiasi salama kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita moja. Vipimo vya maji ya kaskazini mwa Tanzania vilivyochapishwa mwaka 1984 vilikuta miligramu 12 hadi 26 katika mito, 15 hadi 63 katika chemchemi, na 60 hadi 690 katika mabwawa na maziwa ya magadi. Nchi yetu, kwa kujua kwamba maeneo mengi hayana maji mengine, ilijiwekea mwaka 1974 kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Baadaye kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5 kama cha dunia. Tunaona ilikuwa sawa kukishusha. Ila kiwango kikiandikwa upya katika karatasi, chemchemi haipati habari.

Mchana mwenyeji wetu alitupandisha gari kuelekea Ngurdoto, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na sisi wageni tukalipa kiingilio ili tuone kwa macho. Barabara hupanda taratibu kati ya migomba na kahawa, kisha msitu hufunga. Ukitoka msituni unateremka kwenye Maziwa ya Momella, na hapo hata shangazi mkubwa alinyamaza. Ni maziwa madogo kadhaa, moja la kijani, jingine la buluu, na juu ya maji walisimama heroe, ndege wale wa waridi wenye miguu mirefu, kwa idadi ambayo hatukujaribu kuihesabu. Zamani sana, upande ule wa Meru uliomeguka uliporomoka na kumwagika mpaka hapa, na maziwa haya yamekaa katika mabonde ya kifusi chake. Hayana mto wa kuyatoa. Maji huingia, jua huyakausha, na madini hubaki yakizidi mwaka hadi mwaka. Heroe wanaishi humo kwa neema. Binadamu hawezi.

Chanzo ni mlima wenyewe. Meru ni volkano, na mara ya mwisho kulipuka ilikuwa mwaka 1910. Miamba yake ina floraidi nyingi na magadi mengi, lakini kalisi, ile iliyomo katika chokaa, ni chache. Mahali penye kalisi ya kutosha, floraidi hukamatwa nayo ikabaki ardhini. Hapa hakuna wa kuikamata, na maji yenye magadi huiyeyusha kwa urahisi yakashuka nayo. Hali kama hii inajitokeza katika Bonde la Ufa lote, kutoka Ethiopia kupitia Nakuru nchini Kenya hadi kwetu. Tumezoea kwamba maji yakidhuru yupo wa kulaumiwa: kiwanda kilichofungulia mfereji wake mtoni usiku, au sisi wenyewe tuliochimba kisima hatua chache kutoka chooni kisha tukashangaa kipindupindu. Maji ya Meru hayakuchafuliwa na mtu. Pengine ndiyo maana yanapata wasemaji wachache.

Jioni tuliporudi alikuja imamu wa msikiti wa jirani, aliyealikwa kwa ajili ya shughuli yetu. Mjomba akamuuliza swali ambalo lilikuwa limemkaa tangu asubuhi: tumetawadha kwa maji haya, na sasa tunaambiwa yana sumu. Swala zetu je?

Imamu akatabasamu. Alituuliza tulisoma nini chuoni kuhusu maji. Tukajibu kama watoto: maji hutazamwa kwa rangi, ladha na harufu. Akasema vyema, na maji ya bomba hili hayajabadilika hata moja kati ya hayo matatu, basi ni twahara na yanatwaharisha, tawadheni bila wasiwasi. Kisha akatukumbusha fungu ambalo wengi wetu tulilikariri bila kulifikiria. Katika vitabu vidogo vya fiqhi ya Imamu Shafi tulivyofundishwa pwani, limo fungu la maji yaliyo twahara na yenye kutwaharisha lakini ni makruhu kutumiwa mwilini: maji yaliyopashwa moto na jua ndani ya chombo cha madini katika nchi ya joto. Si najisi. Yamechukiwa kwa kuchelea madhara ya mwili.

"Kwa hiyo," akasema, "wanazuoni walikwisha kujua kwamba twahara ni jambo moja na salama ni jambo jingine. Udhu wenu umesihi. Mtoto msimnyweshe."

Mama wa kijana, aliyekuwa kimya kwa siku mbili, ndiye aliyeuliza swali la pili, na lilikuwa swali la mama: kwani hawayachemshi?

Wanayachemsha. Na hapa ndipo maji haya yanapomfanyia hila mtu mwema. Mama aliyefundishwa kliniki kuchemsha maji, akatafuta kuni, akangoja yatokote, ameua vijidudu vya kuhara na kipindupindu, na kwa hilo amefanya la wajibu. Lakini floraidi haifi kwa moto, kwa kuwa haina uhai. Mvuke huondoka, floraidi hubaki, na maji yaliyopungua sufuriani yana nguvu zaidi kuliko yalivyokuwa. Dawa ya klorini haiigusi. Kitambaa hakiishiki. Kutuliza maji usiku kucha hakusaidii. Chungu cha makande hukaukia juu ya floraidi yake, na kama mpishi ametia magadi ili mahindi na maharage yaive upesi, ameongeza nyingine, kwa sababu magadi ya ukanda huu nayo yanayo madini haya.

Jambo moja lilitufurahisha kulisikia. Maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo sana, hata kama mama anakunywa maji yenye nyingi. Miaka miwili kamili ya kunyonyesha, ambayo Qur'ani imeitaja kwa anayetaka kuitimiza, humkinga mtoto wa Arumeru katika miaka miwili ile. Hatari huanza na kijiko cha kwanza cha uji, na huzidi kwa mtoto anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya bomba. Mjukuu mwenye kikombe cha kijani alikuwa ametoka katika ngome yake mwezi ule ule. Meno yake madogo yalikuwa meupe kama mchele. Yale ya pili, yatakayodumu naye, yalikuwa yakiumbwa ufizini tulipokuwa tukizungumza.

Je, maji ya madumu yalitoka wapi? Mawili yalinunuliwa, yaliletwa kwa bodaboda kutoka kisima cha mbali ambacho maji yake yamepimwa. La tatu lilitoka katika chujio, na chujio hili lina kisa chake.

Hapo Ngurdoto pana kituo cha Serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, na dawa iliyosomwa kwa miaka mingi pale ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa husafishwa, huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500, ikawa myeusi. Husagwa ikawa chembe kama za sukari nene, huoshwa, hujazwa katika chombo, na maji hupitishwa taratibu. Mfupa na floraidi vina urafiki wa asili. Kile ambacho floraidi hukifanya katika mifupa yetu, yaani kujipenyeza na kukaa, hukifanya katika mifupa hii badala yetu. Moto ukizidi, mkaa huwa mweupe na hupoteza nguvu. Ukipungua, maji hutoka yakinuka mzoga. Huko Nakuru nako njia hii imetumika kwa muda mrefu. Na mwendo mfupi kutoka hapa, Tengeru, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga ametengeneza chujio la namna nyingine, ambalo mwaka 2015 lilimpatia tuzo ya uhandisi wa Afrika kutoka Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Mwenyeji wetu alipotaka kununua chujio la mifupa alikwenda kwanza kwa imamu huyu huyu. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mifupa ya mnyama aliyechinjwa kisheria ni twahara bila mjadala. Lakini mfupa wa mzoga, kwa madhehebu yetu ya Shafi, ni najisi, na moto hauutwaharishi, ingawa madhehebu mengine yana wasaa zaidi. Imamu hakumkataza wala hakumpa ruhusa ya jumla. Alimwambia akaulize mifupa inatoka wapi. Akaenda, akaelezwa machinjio, akafika machinjioni mwenyewe, akawaona wachinjaji, akawatolea salamu wakamwitikia. Ndipo akanunua.

Kosa halikuwa hapo. Muuzaji, ambaye hatutamtaja, hakumwambia kwamba mkaa hujaa. Kila chembe ina mwisho wa inachoweza kushika, na ikisha kujaa, maji hupita kama yanavyopita katika changarawe. Chujio lililojaa linafanana kabisa na chujio zima. Maji yanatoka yale yale meupe, yasiyo na ladha wala harufu. Familia ilikunywa kwa chujio lile, kwa uangalifu, kwa bismillahi, mwaka mzima na zaidi baada ya nguvu yake kwisha. Mtoto wa mwisho wakati ule alikuwa na miaka minne. Mistari ya chaki tuliyoiona asubuhi ndiyo hesabu ya mwaka ule.

"Wale wakubwa sikujua," mzee alituambia. "Huyu nilijua, na bado."

Hakumaliza sentensi. Mkewe akaondoka akaenda kutazama chai.

Sasa hubadilisha mkaa kwa tarehe iliyoandikwa ukutani kwa kalamu ya wino mzito, na hupeleka chupa ya maji kupimwa kabla na baada. Ni gharama. Jirani zake wengi hawana. Jiji la Arusha limepata mradi mkubwa wa maji uliogharimu takriban Sh bilioni 520, na visima vyenye floraidi kidogo vimetafutwa. Tunalishukuru hilo, ila bomba bado halijakifikia kila kitongoji kilichoko chini ya mlima huu.

Yalipokwisha mazungumzo haya, mshenga alisafisha koo. Hatutaeleza yote yaliyosemwa, kwa kuwa maneno ya posa ni amana. Tutaeleza tu kwamba kabla hajaanza, shangazi mkubwa aliomba kumwona binti faraghani, wakakaa chumbani kiasi cha robo saa, na alipotoka alikuwa amelia. Tulimsikia binti akicheka mle ndani.

Ilipofika mahari, mzee wetu aliuliza kama ilivyo kawaida: binti anataka nini? Swali likapelekwa ndani. Jibu lililorudi lilimfanya mshenga aombe lirudiwe. Msahafu, na tangi la maji la lita 2,000 pamoja na mifereji yake ya bati.

"Tangi?" shangazi mdogo akanong'ona. "Wenzake wanataka dhahabu."

Imamu akasema mahari ni kitu chochote halali chenye thamani ambacho pande mbili zimeridhiana, na ni mali ya mwanamke peke yake, akitaka kukiweka Tanga atakiweka Tanga, na akitaka kukiacha kwa wazazi wake ataacha. Na hilo ndilo alilolitaka. Maji ya mvua hayajapita katika mwamba wa Meru, hayana floraidi ya kuhesabika. Binti, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alikuwa ameandika kila kitu katika karatasi, nayo ikaletwa barazani. Paa la nyumba ni mita za mraba kama 60. Mvua ya milimita 10 ni lita 600, na baada ya kutoa zinazopotea, karibu 500. Mvua nne kama hizo hulijaza tangi. Wakilitenga kwa kinywaji na uji wa mtoto na kwa chungu cha kupikia, lita 12 kwa siku, lita 2,000 ni siku 166. Kiangazi cha hapa, kuanzia Juni hadi vuli inapoanza, hakifiki siku hizo. Mwishoni mwa karatasi aliandika umri wa mjukuu, na mwaka ambao atatimiza miaka minane.

Mzee wetu aliisoma karatasi ile mara mbili, akaivua miwani, akasema tumekubali.

Tangi lilinunuliwa Usa River wiki tatu baadaye, kijana mwenyewe akiwa amesafiri kulichagua. Mifereji ilichukua siku mbili, kwa sababu upande mmoja wa paa ulikuwa umeshuka. Mnamo Novemba simu ilitufikia Tanga baada ya Isha, na nyuma ya sauti ya mama wa nyumba tulisikia mvua ikipiga bati. Alisema maji ya mwanzo wameyamwaga yote, kwani yalikuwa na vumbi la miezi mitano na mavi ya ndege. Mdomo wa tangi wameufunga kwa wavu wa mbu. Sasa wanayaacha yaingie.